Miayo ya Kasongo

Mliniomba kurasa mbili za makabidhiano: namba za simu za mipakani, majina ya maofisa wanaosikia Kiswahili, na ufunguo wa droo ya chini. Namba ziko ukutani, maofisa wamehamishwa, na droo ya chini haijawahi kufungika tangu niijue. Kwa hiyo kurasa mbili zimebaki tupu, nami nimeona nizijaze mambo ambayo hayamo kwenye mfumo. Zikizidi mbili msinilaumu. Mstaafu ana muda, na mke wangu amenipiga marufuku jikoni.

Nilianza kazi katika chumba kile kile mnachokaa ninyi, pale yadini, kusini ya Johannesburg, wakati bado dirisha lilikuwa linafunguka. Nilikuwa nimetoka Mbeya, nimepanga chumba Mayfair nyuma ya duka la Msomali mmoja, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea radhi. Kampuni ilipeleka mizigo Lubumbashi na kurudi. Madereva walikuwa Wakongo na Watanzania, mabosi walikuwa watu wa hapa, na katikati yao palikuwa na kimya. Wakanilipa nikae hapo katikati.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Chola, Mzambia aliyejifunza Kiswahili kwa wakwe zake wa Kasumbalesa. Akanipa kiti na simu, akaniambia nimpigie dereva aliyekuwa anakaribia mpaka. Nikapiga. Nikasema, "Uko wapi?" Mzee Chola akanyoosha kidole akakata simu.

"Wewe ni polisi?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi usimuulize mtu yuko wapi kabla hujajua yukoje. Muulize habari za nyumbani, za mke, za watoto, za wazazi. Atakwambia nzuri. Wote wanasema nzuri. Wewe usikate, subiri 'ila'. Nzuri, ila mtoto anaharisha. Nzuri, ila mama mwenye nyumba amefunga maji. Mtu mwenye 'ila' yuko macho. Akikujibu nzuri, nzuri, nzuri, hana ila hata moja, huyo ameshaondoka, umebaki unaongea na gari. Mwambie apaki."

Nilidhani ni michezo ya wazee. Mwezi wa pili nikampata dereva aliyenijibu nzuri mara nne, nikamwacha aendelee kwa sababu nilikuwa na njaa. Saa moja baadaye alilala, gari likaingia mtaroni na shehena yote ya sabuni ya unga. Yeye alitoka mzima. Ila mvua ilinyesha, na kijiji cha jirani kilikaa na povu siku mbili. Mzee Chola hakunigombeza. Alinipa ile picha ya gazeti, mbuzi wamesimama kwenye povu hadi tumboni, akaniambia niiweke mezani. Tangu hapo nilisubiri 'ila' ya kila mtu, hata ya mwenye duka.

Vifaa vyetu vilikuwa ramani ya ukutani na pini zenye vichwa vya rangi. Kila dereva alikuwa na pini yake, nasi tuliisogeza alipopiga simu. Siku moja mama wa usafi aliipangusa ramani vizuri sana, na malori manne yakahamia Namibia. Tulihangaika nusu siku kuyarudisha. Baadaye pini zikaondoka, vikaja vidoti kwenye kioo cha kompyuta. Vile vidoti sikuwa na ugomvi navyo. Vilisema gari liko wapi, nasi tukabaki na kazi ya kuuliza mtu yukoje. Mzee Chola akastaafu kipindi hicho. Aliondoka na ramani chini ya kwapa, na hakuna aliyemzuia.

Kamera zilikuja baadaye sana. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, wakiwa hawajawaona washauri wa mifumo. Wageni hao walifunga kijicho cheusi juu ya usukani wa kila lori, kikimwangalia dereva usoni. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hicho kiliambiwa, tena kwa mwezi mzima: hili ni jicho lililosinzia, huu ni mdomo wa mwayo, hili ni shavu linaloongea na simu. Sauti hakikuwa kinasikia, kiliona tu. Kikiona mwayo kinalia. Ikifika miayo mitatu, dereva lazima asimame nusu saa, nasi mezani lazima tupige simu ya kabini, ile inayojipokea yenyewe, na kusoma maneno yaliyoandikwa.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Dereva, mfumo umebaini uchovu. Thibitisha." Majibu yanayokubalika yalikuwa mawili. Ndiyo, nimechoka. Hapana, sijachoka. Simu zote zilirekodiwa na kupewa alama. Salamu iliingizwa kwenye fungu la "muda usio na tija". Kwa salamu nilipewa sekunde nne. Ndani ya sekunde nne hata "shikamoo" ya mtu wa Mbeya haijafika mwisho.

Mngewaona madereva miezi ile ya mwanzo. Mmoja aliendesha kama anayepigwa picha ya pasipoti, mabega juu, kope hazipepesi, hadi Musina karibu na mpaka. Mwingine, mtu mzima wa Kigoma, aliiamkia kamera kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na jioni akaiaga. Mmoja alivaa miwani ya jua na mfumo ukatuarifu kwamba lori linakwenda lenyewe. Bosi wetu Bi Nomsa, mkuu wa usafirishaji, mwanamke wa Soweto mwenye roho nzuri na simu tatu, alikimbia ngazi nzima kuja kutuuliza nani anaendesha.

Msidhani sisi wa mezani tulipona. Tulijua tunasikilizwa, tukaanza kuongea kama karatasi. Niliwahi kurudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mke wangu amenuna, nikamwambia, "Thibitisha hali yako." Alithibitisha kwa kutopika siku mbili. Hata Bi Nomsa alikuwa anapimwa. Akija kututania alikuwa akitazama dari kwanza. Chumba kizima tulikuwa tunaongea na msikilizaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na sote tulimheshimu kupita tulivyoheshimiana.

Sasa nije kwa Kasongo. Alikuwa dereva wetu, mtu wa Likasi kule Kongo, mrefu, mpole, na mwalimu wa kwaya katika kanisa lao la mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Johannesburg. Alikuwa na mabinti wawili shuleni hapa, wanaomjibu kwa Kizulu, na kibali cha kukaa nchini ambacho kilishikamana na kazi yake. Kazi ikiondoka, kibali kinaondoka, na wote wanne, yeye, mke na mabinti, wanarudi. Hilo alilijua, nami nililijua, na kamera haikulijua.

Kasongo alikuwa anaimba. Si kunung'unika, kuimba, kwa kinywa chote, kuanzia anapotoka yadini mpaka anapopaki kabla ya jua kuzama. Ndivyo alivyojiweka macho miaka yote. Mara nyingi nilipompigia, simu ya kabini ilijipokea yenyewe nikamkuta katikati ya ubeti, nikangoja afike mwisho. Mimi ni mtu wa msikiti, nyimbo za kwaya si zangu, lakini kuna mmoja wa kuvuka mto alioupenda sana, nami nikaujua bila kutaka, kama mtu anavyojua harufu ya jikoni kwa jirani.

Kamera iliona kinywa kimefunguka, macho yamefumba kidogo kwa hisia, kichwa kimeinuka. Ikasema mwayo. Safari ya kwanza alipiga miayo arobaini na kitu kabla ya Polokwane. Ripoti ilisema hivi: dereva amepiga mwayo mrefu, akatulia, akarudia ule ule, akatulia, akarudia. Hicho kilikuwa kiitikio.

Nikapiga simu, nikasoma karatasi yangu. "Dereva, mfumo umebaini uchovu. Thibitisha."

"Jambo, Papa Rashidi. Mi sikuchoka. Niko naimba."

"Kuimba hakumo kwenye majibu, Kasongo. Sema ndiyo au hapana."

"Basi hapana."

Na hapana baada ya miayo mitatu ilikuwa kosa lingine, kubwa zaidi, linaloitwa kukana uchovu. Hivyo kila wimbo ulimsimamisha nusu saa, na kila jibu la kweli lilimwandikia onyo. Akawa anafika Lubumbashi siku mbili nyuma ya wenzake. Wateja wakalalamika. Maonyo yakawa mawili. La tatu lilikuwa la kufukuzwa.

Nilimshauri mimi mwenyewe afunge mdomo. Naandika hili kwa sababu mimi ndiye niliyelisema. Nikamwambia imba ndani kwa ndani, Mungu anasikia. Akakubali. Safari ile alipata alama zote, wa kwanza kwenye orodha, uso umetulia kama maji ya mtungi. Bi Nomsa alituma pongezi. Aliporudi yadini Kasongo alinifuata hadi mlangoni, hakuingia ndani, akaninong'oneza kana kwamba na mlango una kamera.

"Papa, kamera ilinipenda sana. Nilifunga kinywa, nikaimba mu pua. Lakini ile njo namna bamama banaimbiaka batoto balale. Nilishituka gari iko nakanyaga majani. Batu balikuwa banasubiri basi pale. Banne. Mama moja alikuwa na kapu."

"Uliwagonga?"

"Hapana. Lakini niliona kapu karibu, papa. Niliona mboga ndani."

Nilikwenda kuitazama video. Macho yalikuwa wazi, yametulia, na mwenyewe hayumo. Mfumo uliandika: dereva yuko makini. Usiku ule sikula. Nilikuwa na hasira na kile kijicho, na zaidi nilikuwa na hasira na mimi.

Nikamwambia aimbe. Akaimba, akapata onyo la tatu, akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Mimi niliitwa kutafsiri.

Kikao kilikuwa na Bi Nomsa, mtaalamu wa mfumo aliyetumwa na wageni wetu, Kasongo katika suti yake ya kwaya, na mimi. Mtaalamu alieleza kwamba mashine haikosei, hujifunza tu. Bi Nomsa akauliza kama inajua tofauti ya mwayo na wimbo. Mtaalamu akasema tunaweza kupima. Akatoa kamera mkobani, akaiweka mezani juu ya kopo la kahawa, akamwelekezea Kasongo.

"Mwambie aimbe," akasema.

"Banasema uimbe," nikamwambia Kasongo, Kiswahili cha Kongo kimenipanda kwa hofu.

Kasongo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaimba ule wa kuvuka mto. Chumba kilikuwa kidogo na sauti ilikuwa kubwa. Simu za nje zilinyamaza. Mama wa usafi, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama mlangoni akaitikia kwa lugha yake, maana wimbo ule kumbe hata kwao upo. Bi Nomsa akafumba macho. Kamera ililia mfululizo: uchovu mkubwa, simamisha gari. Uchovu mkubwa, simamisha gari. Wimbo ulipokwisha, Bi Nomsa, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu mfumo uje, akapiga mwayo wa kweli, mrefu, wenye machozi. Kamera ilimtazama ikaandika kwamba dereva anaongea na simu.

"Eish," akasema Bi Nomsa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Mashine ilikuwa na mkataba, na mkataba haukuwa na mahali pa kuandika "imekosea". Wakajadiliana hadi mchana, wakapata njia ya funika kombe mwanaharamu apite. Iliundwa aina mpya ya uchovu, "uchovu wa kimuziki", ambao unaruhusiwa. Kasongo akabaki kazini. Ila kabla ya kila wimbo atume taarifa ya jina la wimbo na muda wake, sauti ya kabini iwashwe, na ofisa ubora asikilize kuhakikisha kwamba ule ulikuwa wimbo kweli. Kasongo alishukuru, akatushika mkono sote, hata mtaalamu. Nilikwenda zangu msikitini nikiamini nimesaidia.

Wiki ya kwanza alituma taarifa za nyimbo sita. Ofisa ubora, mtu mwadilifu mno, alisikiliza zote na kuandika maoni: umbo la wimbo limethibitishwa, sauti ya mwimbaji imeyumba dakika ya tatu. Wiki ya pili nyimbo mbili. Wiki ya tatu, kwenye nafasi ya jina la wimbo, palikuwa na mstari.

Nikamuuliza yadini, mbona huimbi?

"Mbele nilikuwa naimbia Mungu na barabara," akasema. "Sasa nikifungua kinywa nafikiri yule mutu wa kwalite, ule anasikilizaka. Atasema nini? Wimbo inakufa mu koo, papa. Na karatasi iko, banakubali, siwezi kulalamika."

 Mtu alikuwa amepewa ruhusa ya kitu alichokuwa nacho, na ruhusa ndiyo iliyomnyang'anya.

Mwezi uliofuata mama yake akafariki Likasi. Tulimchangia, akaenda kuzika, akarudi na vumbi la kule kwenye viatu, akapewa safari siku ya pili. Alasiri moja, kaskazini ya Polokwane, barabara imenyooka na jua limemkaa usoni, niliona uso wake kwenye kioo changu, ulivyoletwa na kamera. Ulikuwa umetulia. Kando yake alama za kijani, zote kamili.  Hakukuwa na miayo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kupiga simu. Nikapiga.

"Dereva, thibitisha hali yako."

"Hapana, sijachoka." Sahihi kabisa, kama alivyofundishwa.

"Kasongo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri."

Nikaogopa kuuliza, nikauliza. "Habari za mama?"

"Nzuri," akasema.

Nilisimama. Mama alikuwa na siku kumi na mbili kaburini. Nikamwita jina, akaitika kutoka mbali. Nikamwambia apaki, akasema ndiyo, gari halikupunguza mwendo. Mahali pa kusimama palikuwa kilomita sita mbele, na kabla yake kulikuwa na wauza matunda kandokando ya barabara. Nikapiga kelele, hakushtuka. Kelele nimempigia miaka mingi, ameshazizoea. Sikujua kingine cha kumrudisha mtu yule ila kimoja.

Nikaimba. Mzee mwenye kofia ya msikitini, katikati ya ofisi, kwenye simu inayorekodiwa, nikaimba wimbo wa kanisani wa kuvuka mto. Mwenyezi Mungu anajua nia. Sauti yangu haijawahi kusifiwa na mtu yeyote, na siku ile ilitoka kama mlango wa yadi. Wenzangu waligeuka. Bi Nomsa akatoka ofisini kwake na simu zake tatu, akasimama. Nikamaliza mstari wa kwanza, nikaingia wa pili, maneno nusu nimeyabuni. Kwenye kioo uso wake haukubadilika. Mstari wa tatu, kope zikapepesa. Paji likakunjamana, kama mtu aliyeonja chumvi nyingi.

"Papa Rashidi," akasema. "Ulianzia juu sana."

"Basi nionyeshe."

Akavuta pumzi, nikaisikia, akaushika wimbo akaushusha mahali pake. Kinywa kilifunguka chote. Kamera ikaanza kulia, uchovu, uchovu, na taa nyekundu zikajaa kioo changu, na mimi nikalia nazo. Tuliimba kilomita zote sita. Bi Nomsa alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, na kwenye kiitikio akaingia.

Barua yangu ya onyo ilikuja wiki ile: kuimba na dereva bila taarifa, muda usio na tija dakika tano. Bi Nomsa aliitia saini kwa sababu ilimlazimu, na alipata ya kwake. Kasongo bado anaendesha, ninyi mnamjua. Mkimpigia, msianze na karatasi.

Siku ile alipaki chini ya kibao cha mahali pa kupumzikia, akazima injini, akasema, "Papa, mama alikufa." Nikamwambia najua, baba. Akalia kidogo. Kisha akaegemea kiti na usingizi ukamchukua pale pale, simu iko wazi. Kukata ilikuwa juu yangu, na mfumo ulinikumbusha kila dakika kwamba nikate. Alikoroma saa nzima na zaidi. Nilivuta kiti karibu, nikaongeza sauti, nikamsikiliza.